Barua ya wazi kwa kampuni ya vifurushi: mnatutoza kwa ukubwa wa boksi, mnatulipa kwa kilo

Mwenge,
Dar es Salaam.

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
na wakuu wa idara za mizigo ya nje na madai.

YAH: VINYAGO VINAVYOVUNJIKA MIKONONI MWENU NA FIDIA ISIYOLIPWA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara wa vinyago katika kijiji cha wachongaji cha Mwenge. Nimekuwa mteja wenu tangu 2016, na kwa miaka yote hiyo nimewakabidhi mizigo ya kwenda Ujerumani, Uholanzi, Japani, Marekani na Kanada. Mingi ilifika salama. Naomba hilo lieleweke mwanzoni, isije ikasemwa kwamba naandika kwa chuki.

Kabla ya kuja hadharani nilifika dirishani kwenu mara nne. Nimetuma barua pepe sita. Barua moja niliileta kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nilichopata ni namba ya shauri na maneno "linashughulikiwa", na sasa ni miezi saba. Jina la kampuni silitaji hapa kwa sababu sitafuti kumvunjia mtu heshima. Mkisoma mtajijua, na namba ya mzigo mnayo kwenye barua yenye muhuri wenu. Ninaandika mbele za watu kwa kuwa wenzangu hapa kijijini wana visa vya kufanana na changu, na kila mmoja amekuwa akiambiwa kwamba chake ni bahati mbaya ya peke yake.

Mwezi Machi 2025 nililetea ofisi yenu kinyago cha shetani, cha mpingo, kirefu sentimita 62. Kilichongwa na mzee wa Kimakonde aliyezaliwa Newala, ambaye alikuwepo Mwenge kabla mimi sijaanza biashara hii. Kwa wasiovijua vinyago vya namna hii, niseme kidogo. Ni mtindo ulioanza Dar es Salaam miaka ya 1950, na mchongaji anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Samaki Likankoa. Si sura ya binadamu wa kawaida. Hiki changu kilikuwa na jicho moja, mguu umekunjwa hadi kifuani, na mkono mmoja umepita juu ya kichwa ukashika sikio la upande wa pili. Kati ya mkono na kichwa palikuwa na uwazi wa kupitisha vidole viwili. Vyote vimetoka kwenye gogo moja, hakuna kiungo, hakuna gundi. Mzee alikitumia wiki saba, na wiki mbili za mwisho alikuwa kwenye mkono ule tu, kwa kisu na msasa, akisimama kila mara kuugeuza kwenye mwanga. Ulikuwa na unene wa kidole gumba.

Mnunuzi ni mtu wa Bremen, Ujerumani, mkusanyaji wa vinyago vya Kimakonde. Alilipa dola 1,150, na kati ya hizo 700 ni za mzee.

Nilikifunga mwenyewe. Ule uwazi wa kichwani niliujaza pamba iliyoviringwa kwenye kitambaa, nikazungushia nailoni yenye mapovu ya hewa, nikakilaza kwenye boksi la kwanza lililokatiwa sponji kwa umbo lake. Boksi hilo nikaliweka ndani ya boksi la pili la karatasi nene, sponji ya inchi mbili kila upande, juu na chini. Ukilitikisa husikii kitu. Mhudumu wenu alilikagua likiwa wazi, kama utaratibu wenu unavyotaka, akaridhika, akalifunga kwa seloteipu yenye nembo yenu.

Lilifika Bremen pembe moja ikiwa imebonyea na juu ya nembo yenu pamepita seloteipu nyingine, ya kahawia. Ndani, sponji ya juu haikuwepo. Kinyago kilikuwa kimelazwa kichwa kikigusa ukuta wa boksi. Mkono umekatika mahali pawili, na kile kipande cha katikati kilikutwa chini, kwenye nailoni. Mnunuzi alipiga picha kila hatua, akanitumia siku hiyohiyo. Siku ya tatu taarifa yangu ya maandishi ilikuwa kwenu. Nami nilimrudishia fedha zake zote, kwa sababu aliniamini mimi, hakuwaamini ninyi.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Mnapotoza mnapima boksi, mnapolipa mnapima kilo.

Boksi langu lilikuwa sentimita 95 kwa 50 kwa 48. Kwa kanuni yenu ya kuzidisha na kugawanya kwa 5,000, hiyo ni kilo 45.6, nikalipia kilo 46: dola 412. Kwenye mizani ya dirisha lenu mzigo ulikuwa na kilo 9 na nusu. Sipingi kanuni hiyo yenyewe. Nafasi ndani ya ndege ni mali, na mwenye kuichukua ailipie. Lakini boksi lile lilikuwa kubwa kwa sababu ya sponji, na sponji niliiweka kwa sababu ninyi wenyewe mnatutaka tufunge vitu vinavyovunjika kwa boksi ndani ya boksi. Kwa hiyo ninapokilinda kinyago zaidi, ndivyo ninavyowalipa zaidi. Kikivunjika, zile kilo 46 hazitajwi tena. Ofisa wenu wa madai aliniandikia kwamba fidia "huzingatia uzito halisi". Ningependa mtu mmoja katika menejimenti yenu aniambie uso kwa uso kwamba hili ni haki.

Kwetu jambo hili linauma kuliko kwa wafanyabiashara wengine. Anayesafirisha vipuri vya gari, kilo na thamani vinakaribiana. Kinyago thamani yake iko pale mbao ilipobaki kidogo. Mzee alipoondoa mpingo ili mkono upate uwazi, alikuwa anapunguza kilo na kuongeza thamani. Kipimo cha kilo kinaihesabu kazi yake kinyumenyume.

2. Dola 100 mnazonipa ni chini ya ukomo wa sheria.

Barua yenu pekee yenye maelezo ilisema kiwango cha juu cha fidia ni dola 100 kwa kifurushi, "kwa mujibu wa masharti ya nyuma ya stakabadhi". Nimeyasoma masharti hayo kwa kioo cha kukuzia, maana hayasomeki kwa macho. Kisha nikausoma Mkataba wa Montreal wa 1999 unaohusu usafirishaji wa kimataifa kwa ndege, ambao Tanzania na Ujerumani zote ni wanachama. Ibara ya 22 inaweka ukomo wa dhima kwa mizigo, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo huo ni SDR 26 kwa kila kilo. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, na moja inazidi kidogo dola 1 na senti 30. Kwa kilo zangu 9 na nusu ni SDR 247, yaani zaidi ya dola 300. Na Ibara ya 26 inasema sharti lolote la mkataba linaloshusha ukomo huo ni batili.

Maana yake, hata kama hesabu ya kilo ndiyo ingetumika, dola 100 zenu hazikubaliki. Wateja wangapi wamezipokea wakashukuru, kwa kudhani ndipo sheria ilipoishia?

3. Mliniuzia kinga, kisha mkaniambia haikunihusu.

Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Ibara hiyohiyo ya 22 inasema kwamba mtumaji akitangaza thamani ya mzigo wakati wa kuukabidhi, na akalipa nyongeza inayotakiwa, ukomo wa kilo haumbani; msafirishaji anawajibika hadi kiasi kilichotangazwa, isipokuwa athibitishe kwamba kinazidi hasara halisi. Mimi nilitangaza. Fomu yenu ina kisanduku cha thamani, na mhudumu wenu aliandika kwa mkono wake: "kinyago cha mbao, kazi ya sanaa, dola 1,150". Nikalipa dola 23 za bima. Risiti ninayo.

Miezi mitatu baadaye nikaambiwa kwamba bima hiyo haihusu "vitu vya sanaa, vya kale na vinavyovunjika kwa urahisi". Mhudumu aliyeandika "kazi ya sanaa" alikuwa na maneno hayo mbele yake alipozipokea fedha zangu. Kama hamkatii bima vinyago, semeni hivyo dirishani, mteja aamue. Hamuwezi kupokea malipo ya kinga mkijua haipo. Simlaumu yule binti wa dirishani. Alifuata fomu, na fomu mmeitunga ninyi.

4. Kibandiko cha glasi.

Mnatoza fedha za ziada kwa huduma ya "mzigo dhaifu". Mteja akilipa, boksi linabandikwa alama ya glasi na mishale miwili ya juu. Nimeuliza mara tatu: mzigo huo unapitishwa njia nyingine? Unabebwa kwa mkono pale ambapo mingine inapita kwenye mkanda wa mashine? Unapangwa juu ya mingine? Sijajibiwa. Mashine ya kuchambua mizigo haijui glasi wala mshale. Kama tofauti pekee ni karatasi, basi mnatuuzia karatasi.

5. Mizigo inayofunguliwa njiani.

Naelewa kwamba forodha na usalama wa viwanja vya ndege wana haki ya kufungua. Mpingo ni mzito, unazama majini, na kwenye picha ya eksirei unaonekana kama donge jeusi. Anayeangalia skrini ana sababu ya kutaka kujua ni nini. Shida yangu ni kurudishia. Sponji iliyokatwa kwa umbo la kinyago ikirudishwa kichwa chini, au ikiachwa juu ya meza, boksi zima halina kazi tena. Siku hizi naweka ndani karatasi yenye picha inayoonyesha hatua za kufunga upya. Ninyi mnapeleka mizigo ya Mwenge mwaka mzima, na hamjawahi kutupa hata fomu ya kuandika kwamba mzigo ulifunguliwa, wapi, na nani. Kwenye ufuatiliaji wa mtandaoni kinyago changu kilikaa saa 31 katika kituo kimoja bila maelezo. Naamini ni hapo, lakini siwezi kuthibitisha. Mwenye kumbukumbu ni ninyi.

6. Madirisha yasiyojua mpingo.

Mpingo na karibu jamii zote za jenasi ya Dalbergia zimo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu tarehe 2 Januari 2017. Tangu mwishoni mwa 2019, bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zimeondolewa kwenye sharti la kibali cha CITES. Mhudumu mmoja wenu aliwahi kuukataa mzigo wa kilo 3 kwa kukosa kibali hicho. Mwingine, kwa mwenzangu, alipokea kinyago cha ujamaa, kile cha watu wengi waliopandana, cha kilo 17 bila kuuliza lolote, na kikazuiwa Ulaya. Vilevile mmewahi kumwambia mteja apeleke kinyago kwenye kreti la mbao la fundi wa mtaani. Mbao za kufungashia mizigo ya nje zinatakiwa ziwe zimetibiwa, kwa kawaida kwa kupashwa joto hadi nyuzi 56 ndani ya kiini kwa dakika 30, na kugongwa muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wasisafiri ndani ya mbao. Kreti la mtaani halina muhuri huo, na likikataliwa bandarini ni mteja anayebaki na hasara.

Najua mtakayoyasema, kwa sababu mengine mmeshayasema.

Mtasema hakikufungwa vizuri. Mhudumu wenu alikagua na kufunga kwa seloteipu yenu, na picha za Bremen zinaonyesha sponji ya juu haikuwepo. Siwezi kuwa niliiondoa mimi nikiwa Mwenge.

Mtasema mpingo hupasuka wenyewe kwenye baridi kavu. Ni kweli, na sitaficha ukweli unaowasaidia ninyi. Mpingo ambao haujakauka sawasawa, ukifika kwenye nyumba yenye joto la mashine wakati wa kipupwe cha Ulaya, hupata ufa, na huo ni wetu sisi wauzaji. Nimewahi kurudisha fedha za ufa wa namna hiyo bila kuwapigia ninyi hata simu. Ila ufa wa ukavu unafuata nyuzi za mti na hufunguka polepole. Mkono huu umekatwa ukikingama nyuzi, mahali pawili, kwa siku moja. Ukitazama picha ya karibu, sehemu iliyokatika haing'ai, ina rangi ya zambarau iliyokolea, haijaguswa na nta, na vijiti vidogo vimesimama pembeni. Mchongaji yeyote wa hapa atawaambia kwamba hiyo ni alama ya pigo.

Mtasema vifungashio havikuhifadhiwa kwa ukaguzi. Mwaka 2022 mlinishinda kwa neno hilo, kwenye mchoro wa Tingatinga wa hadibodi uliovunjika pembe. Mnunuzi alikuwa ameshatupa boksi, na hakuna mahali popote mlipomwambia alitunze. Safari hii boksi, seloteipu zote mbili na vipande vyote vipo Bremen. Mwezi wa tano niliwaomba mtume mkaguzi. Hajafika.

Mtasema kutoka Dar hadi Bremen mzigo ulipita mikononi mwa makampuni mengine. Mimi nilifanya mkataba na ninyi na fedha nililipa kwenu. Mkitaka kumdai aliyewavunjia kinyago njiani, mna mawakili. Mimi nina meza moja ya vinyago.

Na pengine mtasema nitafute kampuni nyingine. Nimejaribu, na masharti ya nyuma ya stakabadhi zao yanafanana na yenu.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Nilipwe dola 1,585, yaani thamani niliyotangaza ya 1,150, nauli ya 412 na bima ya 23.

(b) Kifungu cha dola 100 kiondolewe kwenye stakabadhi za mizigo ya kimataifa, na ukomo wa kweli uandikwe upande wa mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

(c) Bima isiuzwe kwa kitu ambacho haikikingi. Kama vinyago mnaweza kuvikatia kwa bei ya juu zaidi, itajeni. Wengi wetu tutalipa.

(d) Mzigo ukifunguliwa, iandikwe wapi na lini, na mteja aone kwenye ufuatiliaji.

(e) Ada ya mzigo dhaifu ielezwe inanunua nini, au ifutwe.

(f) Mje Mwenge. Siku moja tu, na wahudumu wenu wa dirishani na mtu mmoja wa madai. Tutawaonyesha ufa na pigo vinavyotofautiana, jinsi tunavyokata sponji, na kilo 10 za mpingo zinavyoonekana. Hatutawadai chochote kwa siku hiyo.

Jambo hili halingojei. Tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imeondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800, na wateja wangu wa huko wamepungua sana. Tuliobaki tunategemea Ulaya na Japani, na mkusanyaji wa huko akipokea kinyago kilichovunjika mara mbili, hanunui mara ya tatu. Anatafuta mnada wa kwao, ananunua kilichotoka hapa miaka 40 iliyopita, na mchongaji aliye hai hapati hata senti.

Mzee nilimlipa dola zake 700 zote, kwa sababu alimaliza kazi yake na akaimaliza vizuri. Mnunuzi alipendekeza, kwa nia njema, kwamba vipande virudishwe mzee aviunge. Nilimpelekea mzee picha kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akaikuza pale penye mkono, akanirudishia simu. Alisema haungi, akiunga kwa gundi kitakuwa kitu kingine na jina lake litakuwa chini yake. Tangu siku hiyo hajachonga mkono unaojitenga na mwili. Vinyago vyake vya sasa mikono yote imebana kifuani, na nilipomuuliza kwa nini, alisema hivi ndivyo vinavyofika.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii itoke. Zikipita, nitapeleka shauri Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), inayosimamia kampuni za vifurushi, na baada ya hapo mahakamani, ambako Mkataba wa Montreal unanipa miaka miwili. Milango yangu iko wazi kwa mazungumzo kabla ya hapo, hata jioni, hata Jumapili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuza vinyago,
Mwenge, Dar es Salaam.

Nakala:
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Wachongaji na wauzaji wenzangu, Mwenge
Mnunuzi, Bremen